Gorogoro, Gunia na Sufuria ya Shule

Hapana chakula ambacho mwanafunzi wa Kenya anakijua kuliko maharagwe. Hukutana nayo mchana ndani ya githeri, akakutana nayo tena jioni kando ya ugali au wali, na asipoyaona kwa siku mbili mfululizo huanza kuuliza iwapo mhasibu wa shule amefutwa kazi. Ameyapa majina ya utani. Amewatungia hadithi fukusi wanaoogelea juu ya mchuzi. Akihitimu hutoka langoni akiapa kwamba hatayatia kinywani tena, kiapo ambacho kwa kawaida hakimalizi mwaka. Lakini hebu mwulize mwanafunzi huyo huyo maharagwe hayo yalilimwa wapi, yalipimwa kwa chombo gani, na aliyeyapalilia alipata shilingi ngapi katika kila kilo. Atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mwezini. Wala tusimlaumu, kwa maana hata sisi tunaomfundisha hatujazoea kuyauliza maswali hayo.

Na maswali hayo yana uzito. Biashara ya maharagwe na jamaa zake, yaani ndengu, mbaazi, kunde na njahi, ni miongoni mwa biashara kubwa zinazoendeshwa nchini bila mizani, bila daftari na bila bei inayojulikana na pande zote mbili. Mwuzaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye shamba lisilotimia ekari mbili, ndiye anayejua machache kuliko wote. Na mnunuzi ambaye angeweza kuinyosha biashara hii bila kungoja sheria mpya wala mfadhili kutoka ng'ambo ni shule. Shule hununua kwa wingi, hununua kila muhula, na hujua mapema itahitaji kiasi gani. Ni wanunuzi wachache sana nchini wenye sifa hizo tatu kwa pamoja. Hata hivyo, shule zetu nyingi hununua maharagwe kama mpita njia anayenunua karanga.

Yafaa kwanza tuijue bidhaa yenyewe. Maharagwe si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, katika nchi za Mexico na jirani zake na katika milima ya Andes, nayo yalifika pwani yetu kwa njia ya Wareno kuanzia karne ya 16. Mbaazi na ndengu zina asili ya Bara Hindi. Kunde ndiye mwenyeji halisi wa bara hili. Njahi nazo zimelimwa katika nchi za Wakikuyu tangu kabla ya wakoloni, na mpaka leo mama aliyejifungua hupikiwa njahi ili arudishe damu na maziwa. Mwanahistoria Claire Robertson, katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1997, alionyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyohimiza maharagwe yaliyotakikana katika masoko ya mbali, hadi aina ambazo wanawake wa Kenya ya kati walikuwa wamezizoea zikasukumwa pembeni. Kwa hiyo haya mapendeleo tunayoyaita ya soko, kwamba maharagwe haya ni bora na yale ni ya maskini, hayakushuka kutoka mbinguni. Yalipangwa na watu waliokuwa na sababu zao.

Mkulima wa leo hupanda mbegu zenye majina yanayopendeza masikioni. Mradi wa utafiti wa mikunde uliokuwa Thika ulitoa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aina ambazo bado zinatawala vibanda vyetu: Rosecoco yenye madoadoa, Canadian Wonder nyekundu iliyokoza, Mwezi Moja, Mwitemania, na Wairimu ambayo ni ndogo na nyekundu. Kituo cha Katumani, karibu na Machakos, kikaongeza aina zinazovumilia jua la Ukambani. Mwenye kibanda hatakuambia nambari za watafiti. Atakuambia "Nyayo", atakuambia "Wairimu", atakuambia "yellow" ya Tanzania, nawe utaona bei ikipanda na kushuka kwa kufuata rangi. Yale ya manjano hupendwa mijini kwa sababu huiva upesi na, kwa madai ya walaji, hayalijazi tumbo upepo. Yaliyochanganyika rangi hupata bei ya chini kuliko yote, na hapo mpishi atakubaliana na soko, kwa kuwa kila aina huiva kwa wakati wake. Nusu ya sufuria huwa uji ilhali nusu nyingine ingali kokoto.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo kwa ajili ya walimu wa Kiswahili. Punje ndogo za kijani ambazo Mkenya wa bara huziita ndengu, mtu wa Mombasa huziita pojo, na Mtanzania huziita choroko. Mtanzania naye anayo dengu, lakini hiyo ni punje nyingine kabisa, ile kubwa ya rangi ya maziwa au hudhurungi yenye ncha kama mdomo wa ndege. Mfanyabiashara wa Nairobi anayepiga simu Arusha na kuagiza lori la dengu bila kueleza zaidi anaweza kuletewa mzigo asiojua pa kuupeleka. Wanaodhani kwamba msamiati ni mambo ya mtihani tu na wazingatie jambo hilo.

Turudi shambani. Maharagwe huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi, mapema kuliko mahindi yaliyopandwa nayo katika mtaro mmoja. Ndiyo fedha ya kwanza inayoingia nyumbani baada ya miezi ya kutoa tu: mbegu, mbolea, vibarua wa kupalilia. Kabla hayajakauka vyema yameshapangiwa kazi, ikiwamo deni la dukani, karo, na dawa za mzee. Jirani naye ana shida zizo hizo, na jirani wa jirani, kwa kuwa mvua iliwanyeshea wote siku moja. Wote huuza wiki moja. Bei hushuka si kwa sababu nchi imeshiba, maana Kenya hailimi maharagwe ya kuitosha na kila mwaka hununua kutoka Tanzania, Uganda na Ethiopia. Hushuka kwa sababu kijiji kizima kimesimama mlangoni kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni dalali, naye huja na gorogoro yake. Kwa asiyejua, gorogoro ni mkebe mtupu uliokuwa na mafuta ya kupikia, na kwa mazoea huhesabiwa kuwa ni kilo mbili. Lakini mkebe hupima ujazo, haupimi uzito, na hapo ndipo hila inapojificha. Gorogoro ya kununulia huwa imegongwa kitako kikatokeza nje, na maharagwe hujazwa mpaka yafanye kilima na kuanza kumwagika. Gorogoro ya kuuzia huwa imegongwa kitako kikaingia ndani, na mkono hupitishwa juu ya mdomo wake ili kilima kisawazishwe. Mwalimu wa hisabati na aliandike hili ubaoni. Tuseme mkebe wa kwanza unachukua kilo 2.3 na wa pili kilo 1.9. Gunia la kilo 90 litanunuliwa kama gorogoro 39 na kuuzwa kama gorogoro 47. Hata kama bei ya gorogoro moja ingekuwa ile ile shambani na mjini, kuna mikebe minane iliyozaliwa njiani bila kupandwa wala kupaliliwa.

Sheria ya vipimo na mizani ipo, Sura ya 513, nayo haitambui mkebe wa mafuta. Hata hivyo mkebe unaendelea kutawala, na sababu yake si ujinga wa wananchi. Mizani ya kuaminika ni ghali kwa mtu mwenye gunia moja, na mwenye mizani ndogo ya kuning'iniza naye ana hila zake. Isitoshe, mnunuzi wa mwisho mtaani hanunui kilo. Hununua cha shilingi hamsini, akitazama mkono wa mwuzaji. Kwake mkebe ni kitu anachokiona kwa macho yake, ilhali mshale wa mizani ni siri ya mwenye duka.

Sitaki kueleweka kwamba dalali ndiye mwovu wa hadithi hii. Walimu wenzangu hupenda sana kumtupia lawama, na insha za wanafunzi wetu juu ya umaskini humtaja mlanguzi kabla hazijataja ukame. Lakini dalali ndiye anayefika pale ambapo lori haliwezi kufika. Yeye ndiye anayelipa papo hapo, tena taslimu, usiku ambao mtoto ni mgonjwa. Hulipa ushuru wa kaunti kwa kila gunia linalovuka kizuizi, na mara nyingine huulipa zaidi ya mara moja. Hubeba hatari ya mvua, ya matope na ya mzigo kuota ukungu. Aliyemzidi yeye ni mwenye ghala la jumla, kule Nyamakima jijini Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, au katika miji ya mpakani kama Busia na Namanga, anayejua asubuhi ile ile bei ya pande zote mbili za mpaka. Dalali wa kijijini huishi kwa kujua kidogo kuliko huyo na kingi kuliko mkulima.

Kuna wakati ambapo serikali ndiyo iliyokuwa dalali. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, iliundwa mwaka wa 1979, na kwa miaka mingi biashara ya nafaka ilikuwa chini ya mamlaka yake. Kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na wazee wetu wanakumbuka magunia yaliyopitishwa usiku chini ya makaa. Vizuizi hivyo viliondolewa mwishoni mwa mwaka wa 1993. Waliovishangilia walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini soko lililofunguliwa lilifunguliwa bila mizani na bila maghala ya umma ambayo mtu mwenye magunia mawili angethubutu kuyaingia. Uhuru wa kuuza alipewa kila mtu. Uwezo wa kungoja hakupewa yeyote ila yule aliyekuwa nao tangu mwanzo.

Kungoja ndiko kiini cha bei. Maharagwe yanayouzwa kwa bei ya kutupa mwezi wa Februari huweza kutafutwa kwa tochi mwezi wa Mei. Kwa nini basi mkulima asiyaweke? Wahenga walisema akiba haiozi, lakini yamkini hawakuwa na ghala la maharagwe. Kuna wadudu wawili wadogo wa jamii ya fukusi ambao huyashambulia, na mmoja wao huanza kazi yake shambani, maganda yangali juu ya mmea. Kiluwiluwi huingia ndani ya punje na kuila kimyakimya. Dalili ya kwanza ni tundu la mviringo, safi kama lililotobolewa kwa keekee, na kufikia hapo mdudu ameshatoka na kutaga kwingine. Katika muda wa miezi mitatu au minne gunia zima laweza kugeuka unga na maganda. Anayeuza mapema basi hakimbii bei, anamkimbia mdudu.

Mdudu huyo anaweza kushindwa. Miaka ya mwisho ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Cameroon, walishughulikia hifadhi ya kunde na kufikia njia iliyo nyepesi ajabu: mfuko wa tabaka tatu, mbili za plastiki nzito na moja ya gunia la kawaida. Ukifungwa barabara, wadudu walio ndani humaliza hewa ya oksijeni, wakaacha kula na kuzaana, hatimaye wakafa. Hakuna dawa inayotiwa. Mifuko hiyo inauzwa nchini, na bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida ingawa hutumika kwa zaidi ya msimu mmoja. Mkulima wa gunia moja huiona kuwa ghali. Mkuu wa shule anayenunua magunia mia moja hana sababu ya kuiona hivyo.

Kabla ya kuifikia shule, yafaa kuwajibu wale wasemao kwamba dawa ya matatizo haya ni kuuza ng'ambo. Habari ya mbaazi inatosha. India ndiyo nchi inayolima na kula mbaazi nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na mavuno yake yanapopungua hununua kutoka Msumbiji, Malawi, Tanzania na Kenya. Mvua zilipokuwa haba huko katika miaka ya 2014 na 2015, bei ilipanda sana, na wakulima wa pande zote mbili za bahari wakapanda mbaazi kwa wingi. Mavuno yakaja kwa pamoja. Mnamo Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazoingia nchini humo. Msumbiji ilikuwa imetia sahihi mapatano ya serikali kwa serikali mwaka uliotangulia, ikapata afadhali. Huko Tanzania na Malawi bei iliporomoka, na watu walioshauriwa kwamba zao hili lingewajengea nyumba wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Ni mwaka wa 2021 ndipo mlango ulipofunguliwa tena. Serikali ya India haikumkosea mtu. Ilikuwa ikiwalinda wakulima wake, kama ilivyo wajibu wake. Ila mkulima wa Makueni au wa Babati ajue kwamba bei yake inaweza kuamuliwa na waraka uliotiwa sahihi New Delhi, na kwamba hakuna mbunge atakayemwuliza aliyeutia sahihi. Pwani yetu tunazila mbaazi kwa tui la nazi na mahamri asubuhi, lakini bara zinapolimwa kwa wingi hatujajifunza kuzila kiasi cha kuwa soko.

Sasa tuihesabu shule. Tuchukue shule ya bweni yenye wanafunzi 800, kila mmoja akila gramu 80 za maharagwe makavu kwa siku, siku nne kwa wiki. Hizo ni kilo 64 kwa siku na kilo 256 kwa wiki. Katika wiki 39 za masomo ni kilo 9,984, yaani karibu tani kumi, au magunia 111 ya kilo 90. Mkulima mdogo nchini mara nyingi hapati hata kilo 300 katika ekari moja. Shule hiyo moja, basi, hula mavuno ya ekari zaidi ya thelathini, na kama kila boma lingeiuzia gunia moja tu, maboma 111 yangekuwa na mnunuzi wa hakika aliye umbali wa kutembea. Wilaya ina shule ngapi za namna hiyo? Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kumalizia hesabu hiyo.

Wazo hili si geni. Mpango wa chakula shuleni ulianza mwaka wa 1980 kwa ushirikiano wa serikali na Mpango wa Chakula Duniani, hasa katika sehemu kame, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka nje. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha utaratibu mwingine, wa kupeleka fedha shuleni ili shule zenyewe zinunue mahindi, maharagwe na mafuta karibu nazo. Mtoto alipangiwa gramu 150 za nafaka na gramu 40 za jamii ya maharagwe kwa siku. Mwaka wa 2018 shirika hilo la kimataifa liliikabidhi serikali kazi yote. Azma ya mwaka wa 2009 ilikuwa njema mno: mtoto ale, na mzazi wake auze. Lakini fedha zilipochelewa, na zilichelewa, aliyeweza kuikopesha shule chakula kwa muhula mzima hakuwa mkulima. Alikuwa mfanyabiashara mwenye ghala mjini, naye aliyanunua maharagwe kwa gorogoro iliyotokeza kitako, katika vijiji vile vile vinavyoizunguka shule.

Hapa ndipo penye fundo. Shule za umma hununua kwa zabuni, na zabuni hutaka nambari ya mlipa kodi, cheti cha kuonyesha kwamba kodi imelipwa, cheti cha kusajiliwa kwa biashara, na subira ya miezi kadhaa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 iliweka utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na walemavu. Mwanamke mwenye kampuni ya kuuza vyakula mjini huhesabiwa humo. Mwanamke mwenye jembe hahesabiwi kwa kuwa hana makaratasi, na hata angekuwa nayo, hawezi kungoja malipo hadi muhula ufuatao. Ushirika ungeweza kubeba makaratasi hayo kwa niaba ya wanachama mia. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka wa 2019 nayo ilinuia kumwezesha mtu kuweka mazao katika ghala lililoidhinishwa, apewe hati, na hati hiyo impatie mkopo benki. Ni sheria nzuri. Lakini mpaka ghala hilo lifike kwenye umbali ambao punda anaweza kuufikia, mwenye gunia moja ataendelea kuisikia redioni.

Yapo mambo ambayo shule inaweza kuyafanya pasipo kungoja sheria hizo zikomae. Kwanza ni mizani ya wazi langoni, iliyokaguliwa, mshale ukielekea nje na si kuelekea kwa bawabu. Pili ni kupima unyevu. Kanuni za Afrika Mashariki zinataka maharagwe makavu yasizidi unyevu wa asilimia 14, na shule nyingi hazina kifaa cha kupimia. Basi mwalimu wa sayansi na achukue chupa kavu yenye kifuniko, atie chumvi iliyokaushwa vizuri, aongeze maharagwe hadi theluthi ya chupa, atikise, kisha angoje robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo urudishwe juani. Ikianguka chini ikiwa kavu, mzigo unaelekea kufaa. Somo hilo halina gharama, na linamwondolea mkulima aibu ya kuambiwa na dalali kwamba maharagwe yake ni mabichi, neno ambalo huwa na bei yake.

Na kuna jambo ambalo wapishi wa shule wanalijua kuliko wataalamu. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa sugu. Hupikwa tangu alfajiri na bado yanakataa, na shule huchoma kuni maradufu. Ndipo magadi huingia sufuriani. Magadi hulainisha, ni kweli, lakini pia huangamiza sehemu ya vitamini ambazo mwanafunzi alikuwa azipate. Maharagwe ya msimu, yaliyonunuliwa karibu, huiva kwa kuni chache. Sijawahi kuona zabuni ya shule inayouliza mavuno ni ya mwezi gani. Huuliza bei ya gunia tu, na bei ya kuni huandikwa katika ukurasa mwingine wa daftari, kana kwamba jiko na ghala ni shule mbili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Shule nyingi za mashambani hupokea mazao badala ya karo. Ni desturi yenye huruma, na imewaokoa watoto wengi wasifukuzwe. Lakini tuitazame kwa makini. Mzazi hufika na gunia lake Januari au Februari, wakati ambapo mavuno ya mvua za vuli yanaingia na bei iko chini kuliko wakati mwingine wowote. Mhasibu humwandikia stakabadhi kwa bei ya sokoni ya wiki hiyo, pengine kwa kuhesabu gorogoro. Mwezi wa Mei shule hiyo hiyo inamlipa mzabuni kwa bei ya Mei, na maharagwe anayoyaleta yaweza kuwa ya jirani ya mzazi yule. Tofauti ya bei hizo mbili ingetosha kulipia sehemu ya salio la karo ambalo mtoto anarudishwa nyumbani kulitafuta. Hakuna aliyeiba. Mhasibu amefuata bei ya soko mara zote mbili, na vitabu vyake vikikaguliwa vitaonekana safi.

Bodi ya shule ingeweza kukaa mwezi wa Novemba, kabla ya mavuno, na kuandika katika kumbukumbu zake bei moja ya kilo kwa mwaka mzima, kati ya ile ya Februari na ile ya Mei, imlipe mzazi na mzabuni kwa kipimo hicho kimoja, kisha iibandike bei hiyo kwenye ubao wa matangazo ulio langoni, kwa tarakimu kubwa ambazo mama aliyeshuka kwenye boda boda na gunia lake anaweza kuzisoma kabla hajamwona mhasibu.